Mtoto wa Sinema Aliyekuwa Ofisa wa Manowari

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mtu mmoja wa Marekani, jina lake Frank Coghlan. Alipokuwa mtoto alikuwa mchezaji wa sinema, na sura yake ilijulikana katika miji mingi ambayo yeye mwenyewe hakupata kuiona. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika jeshi la manowari, akatumika humo muda wa miaka 23. Twamleta mbele yenu kwa sababu habari zake zagusa jambo ambalo sisi walimu huulizwa sana na wazazi: mtoto akisifiwa mno mapema, baadaye atakuwa mtu wa namna gani?

Swali hilo si la Marekani peke yake. Katika chuo chetu cha ualimu wanafunzi hucheza mchezo wa kuigiza kila mwisho wa mwaka. Mwaka mmoja kijana mmoja alipewa nafasi ya kuwa mfalme. Akavikwa joho la shuka jekundu na taji la karatasi, akacheza vizuri hata wazee waliokuja kutazama wakasimama kumpigia makofi. Muda wa mwezi mzima baada ya hapo hakuitika ila aitwe Mfalme, na zamu yake ya kufagia bweni ikamshinda. Tulicheka, maana twajua kwamba mwezi hupita. Lakini fikirini habari za mtoto aliyepigiwa makofi ya namna hiyo tangu umri wa miaka mitatu, wala si na kijiji kimoja bali na watu wa nchi nyingi, na ambaye makofi hayo yamemletea fedha. Huyo atakubali lini kushika ufagio?

Coghlan alizaliwa tarehe 15 Machi, 1916, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, upande wa mashariki wa Marekani. Alipokuwa bado mchanga wazazi wake walihamia California, upande wa magharibi, ambako kazi ya kutengeneza picha za sinema ilikuwa ikikua upesi katika mahali paitwapo Hollywood. Jua la huko huwaka siku nyingi za mwaka, na jua ndilo lililokuwa taa bora ya wapiga picha wa zamani zile. Watengenezaji wa picha walihitaji watu wa kila namna: wazee, mahodari wa kupanda farasi, wanawake wazuri, na watoto. Yeye alianza akiwa na umri wa miaka mitatu au minne hivi, katika nafasi ndogo ndogo ambazo mchezaji wake hata jina hatajiwi.

Yafaa tueleze kidogo jinsi sinema za wakati ule zilivyokuwa. Hazikuwa na sauti. Mchezaji alifumbua kinywa, lakini maneno yake yaliandikwa juu ya kitambaa cheupe ili watu wayasome. Na yaliyobaki yote yalisemwa kwa macho, kwa mikono na kwa mwendo. Kwa sababu hiyo mtoto aliweza kumpita mtu mzima, maana uso wa mtoto haujajifunza kuficha. Coghlan alikuwa na uso wenye madoadoa, kama walivyo watoto wengi wa Kizungu, na mtazamo wa mtoto aliyekosa mama. Mtengenezaji mkubwa wa picha, Cecil B. DeMille, alisema kwamba mtoto huyu ni mfano kamili wa mkiwa asiye na makao, akamwandikia mkataba wa miaka mitano. Kumbe mtoto mwenyewe alikuwa na baba na mama, na kitanda chake nyumbani! Ndivyo kazi hii ilivyo: mtu husifiwa kwa kuwa vile asivyo.

Kuna jambo jingine la kueleza, nalo ni jina lake. Baba yake pia aliitwa Frank, na Wamarekani wana desturi ya kumtenga mwana aliyepewa jina la baba kwa kumwita Junior, maana yake mdogo, kama sisi tusemavyo Juma Mdogo. Basi katika matangazo ya sinema aliandikwa Junior Coghlan. Tutalikuta jina hilo tena.

Mwaka 1927 alicheza katika picha iitwayo The Yankee Clipper. Ni hadithi ya meli mbili za matanga, moja ya Marekani na moja ya Uingereza, zikishindana kutoka China mpaka mji wa Boston. Itakayotangulia itapata biashara ya kuchukua chai. Wenzetu wa pwani, wajuao jinsi jahazi lingojeavyo Kaskazi na Kusi, wataelewa mara moja mashindano ya namna hiyo. Coghlan alikuwa mtoto aliyejificha melini ili asafiri bila ya nauli. Umri wake ulikuwa kama miaka 11, na kazi yake ilikuwa kuwafanya watu waamini kwamba bahari ndiyo kwao. Miaka 15 baadaye alikuwa mtu wa bahari kweli, lakini hapo katikati palikuwa na safari ndefu, nayo ilikuwa ya kuteremka.

Mchezaji mtoto hawezi kushindana na miaka. Sauti huvunjika, miguu hurefuka, na ule uso uliopendwa hugeuka ukawa uso wa kijana kama vijana wengine wote. Tena mwaka uleule wa 1927 sinema zilianza kusema, na katika muda wa miaka michache zile zisizo na sauti zikatoweka, na wachezaji wengi mashuhuri wakapotea pamoja nazo. Coghlan hakupotea mara moja. Mwaka 1931 alionekana katika The Public Enemy, kisa cha mnyang'anyi wa mjini. Yeye alikuwa mnyang'anyi yule katika siku za utoto wake. Kisha, mtoto akiisha kukua, nafasi yake ilishikwa na James Cagney, ambaye kwa picha hiyo alipata jina kubwa. Angalieni jinsi ilivyokuwa: kijana acheza dakika chache za mwanzo, na mwingine ndiye awaye mkubwa. Mwaka 1932 alicheza kuwa Uncas, kijana wa Wahindi Wekundu, katika hadithi ya mfululizo ya The Last of the Mohicans. Baada ya hapo nafasi zikapungua, zikawa ndogo kama zile za mwanzo. Mwaka 1939 ilitoka Gone with the Wind, picha iliyotazamwa na watu wengi mno duniani. Coghlan yumo, ila yataka utazame sana. Ni askari mmoja aliyechoka katika jeshi linalorudi nyuma. Anaanguka njiani, mwenzake anambeba, na hadithi yaendelea bila yeye.

Hapa twaomba tumwache kidogo tuseme habari za mwenzake, maana bila hizo wasomaji hawataona hatari yenyewe ilivyokuwa kubwa. Mwenzake huyo ni Jackie Coogan, aliyezaliwa mwaka 1914. Alipokuwa mtoto mdogo alicheza pamoja na Charlie Chaplin katika picha ya The Kid, iliyotoka mwaka 1921, na watu wa dunia nzima wakampenda. Yakadiriwa kwamba katika utoto wake alichuma dola milioni tatu au nne, na fedha hizo zilishikwa na wazazi wake. Mwaka 1935 baba yake alikufa katika ajali ya motokaa. Coogan, naye sasa ni mtu mzima, akaiomba mali yake. Mama yake na baba yake wa kambo wakamjibu kwamba hana mali. Kwa sheria ya California ya siku zile, achumacho mtoto ni cha wazazi. Akawashtaki mwaka 1938, na mwisho wa daawa akapata dola 126,000 tu. Kisa hicho kiliwachukiza watu hata mwaka 1939 California ikatunga sheria iliyoiwezesha mahakama kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto mchezaji iwekwe akiba kwa ajili yake. Mpaka leo sheria hiyo huitwa kwa jina la Coogan.

Huenda mzazi akasema: mbona mtoto wangu hulima shambani kwangu, wala hakuna aonaye kwamba namdhulumu? Ni kweli, lakini shamba hubaki. Mtoto alilolilima akiwa na miaka kumi, atalirithi akiwa na miaka arobaini. Uso wa mtoto haurithiki. Ukiisha kuuzwa wote katika siku za utoto, na fedha zake zikaliwa, mtu mzima hubaki na mikono mitupu, na pengine hana hata ufundi, maana wakati wenzake walipokuwa wakijifunza useremala au hesabu yeye alikuwa akipigwa picha.

Turudi kwa Coghlan. Mwaka 1941 alipata nafasi ambayo kwayo watu wengi wamkumbuka. Kampuni iitwayo Republic ilitengeneza hadithi ya mfululizo yenye sura 12, Adventures of Captain Marvel. Hadithi za namna hii zilionyeshwa sura moja kila juma, hasa siku ya Jumamosi ambayo watoto hawana shule, na kila sura ilikatwa mahali pa hatari, mtu ananing'inia gengeni au motokaa yatumbukia mtoni, ili watoto warudi juma la pili na senti zao. Coghlan alikuwa kijana aitwaye Billy Batson, aliyepewa neno moja la ajabu, Shazam. Neno hilo limefanywa kwa herufi za kwanza za majina sita: Solomon, ndiye Mfalme Sulemani mwenye hekima, kisha Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury, mashujaa na miungu ya Wayunani na Warumi wa kale. Kijana akilitamka, moshi hufuka. Na moshi ukiondoka, pale aliposimama kijana pamesimama mtu mwenye nguvu za ajabu, risasi hazimwingii, naye aweza kuruka angani.

Watoto waliotazama walipiga kelele za furaha, na haikosi baadhi yao walipofika nyumbani walilijaribu neno lile uani. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Moshi ulikuwa wa baruti kidogo. Mtu mwenye nguvu alikuwa mchezaji mwingine kabisa, jina lake Tom Tyler. Pale aliporuka kutoka juu na kuwaangukia adui, alikuwa ni hodari wa sarakasi aitwaye David Sharpe. Na pale alipoonekana akipita angani juu ya mabonde, hakuwa mtu kamwe, bali sanamu kubwa kuliko mtu, iliyotengenezwa na ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, ikiteleza kwa makapi juu ya nyaya nyembamba. Basi shujaa mmoja alikuwa watu watatu na sanamu moja, na katika hao Coghlan alikuwa ndiye asiyeruka.

Tena alikuwa karibu kutimiza umri wa miaka 25. Wenzake wa umri huo walikuwa na kazi zao na nyumba zao, lakini yeye bado alilipwa kwa kuwa kijana mdogo. Jambo la kuwa mtu mzima lilikuwa la mwingine, baada ya moshi.

Tarehe 7 Desemba ya mwaka huohuo, ndege za Japani zilizishambulia manowari za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor, visiwa vya Hawaii, na Marekani ikaingia katika Vita Kuu ya Pili. Coghlan aliingia katika jeshi la manowari, akafundishwa urubani, akawa ofisa.

Wengi wetu twafikiri kwamba jeshi la manowari ni meli tu. Lakini katika vita vile ndege ndizo zilizokuwa macho na mikono ya meli. Marubani wengine waliruka kutoka pwani, wakizunguka juu ya maji mchana kutwa wakitafuta nyambizi, yaani meli zinazokwenda chini ya maji. Wengine waliruka kutoka juu ya meli zenyewe. Meli ya kuchukua ndege ina sitaha ndefu iliyo tambarare kama uwanja. Rubani akirudi hana budi kuishusha ndege yake juu ya sitaha hiyo huku meli yenyewe yaenda mbio na kupanda na kushuka kwa mawimbi. Nyuma ya ndege pana kulabu, na sitahani pamelazwa kamba za chuma. Kulabu ikinasa kamba, ndege husimama ghafula. Isiponasa, rubani hana nafasi ya kufikiri mara mbili.

Nasi twaona kwamba hapo ndipo kijana huyu alipovuka. Katika sinema jambo likiharibika hupigwa picha tena, hata mara kumi, mpaka liwe zuri. Na likiwa la hatari huitwa mtu mwingine, ama huletwa sanamu. Rubani haambiwi «Tena». Wala hakuna neno la kutamka ili moshi ufuke na mtu hodari zaidi ashike nafasi yake. Twawaambia hivi wanafunzi wetu pia wanapotaka kuacha hesabu: rubani hujifunza hali ya hewa, pepo, ramani na uzito wa mafuta, naye hujaribiwa kwa hayo kabla ya kuaminiwa na ndege.

Si yeye peke yake katika watoto wa sinema aliyekwenda vitani. Yule Jackie Coogan aliyenyang'anywa mali yake aliingia jeshini mwaka 1941, hata kabla ya Pearl Harbor, akawa rubani wa ndege zisizo na mtambo. Ndege hizo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha huachiliwa zishuke kimya zikiwa na askari ndani yake. Usiku wa tarehe 5 Machi, 1944, Coogan alikuwa mmoja wa marubani walioshusha askari nyuma ya Wajapani katika misitu ya Burma. Miezi michache baadaye askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana katika Burma hiyohiyo, katika bonde la Kabaw, na wazee waliotoka huko walituachia masimulizi ya matope yake. Kadhalika Sabu, mwana wa mchunga tembo wa Mysore katika India, aliyependwa na wengi kwa picha ya Elephant Boy ya mwaka 1937, alikuwa mpiga bunduki katika mkia wa ndege ya mabomu ya jeshi la Marekani huko Pasifiki, akapata nishani ya Distinguished Flying Cross.

Coogan na Sabu walipotoka jeshini walirudi kwenye sinema. Hatuwalaumu, kila mtu hurudi kwa ufundi aujuao. Coghlan alibaki. Nasi twalifikiri jambo hili kuwa kubwa kuliko kule kuingia kwake, maana wakati wa vita taifa zima huingia, na ngoma hupigwa, na wasichana hupunga vitambaa. Ngoma zikinyamaza, ofisa wa wakati wa amani huandika orodha, hukagua vyumba, huhamishwa na mkewe na watoto kutoka bandari hii mpaka ile, na cheo chake hupanda polepole. Hakuna ampigiaye makofi. Mtu aliyepigiwa makofi tangu miaka mitatu alikubali hayo.

Kisha likatokea jambo ambalo mtu asingeweza kulipanga. Mtu atakaye kutengeneza picha ya vita vya baharini ana shida moja kubwa, nayo ni kwamba manowari hainunuliki. Meli kubwa ya kuchukua ndege ya siku zile ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 250, na watu zaidi ya 2,000 ndani yake. Hawezi kuijenga kwa mbao nyuma ya nyumba. Hana budi kwenda kuiomba serikali. Kwa sababu hiyo jeshi la manowari la Marekani lilikuwa na ofisi ya kushughulika na watu wa sinema, na Coghlan aliwekwa kuwa mkuu wa shughuli hiyo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mtengenezaji wa picha hupeleka maandiko ya mchezo wake, na ofisa huyasoma neno kwa neno. Nahodha angesema maneno haya kweli? Mtu wa cheo hiki huvaa kofia hii? Kuna siri itakayofichuka kwa adui? Gharama zitakuwa za nani? Kanuni ilikuwa kwamba meli isitolewe bandarini kwa ajili ya sinema tu. Wapiga picha hungoja mpaka meli iende katika mazoezi yake ya desturi, nao huchukuliwa humo, na gharama yoyote inayozidi hulipwa na wao. Ofisa huwa katikati. Mabaharia humnung'unikia kwamba wageni wanaziba njia kwa nyaya na taa zao. Watu wa sinema humnung'unikia kwamba jua linakuchwa na meli imegeuka upande usiotakiwa.

Kwa kazi hiyo palitakiwa mtu ajuaye pande zote mbili. Ofisa aliyelelewa melini ajua meli, lakini kamera ni fumbo kwake, na huenda akawaona wachezaji kuwa watu wa porojo. Mtu wa sinema ajua kamera, lakini hapambanui omo na tezi. Coghlan alijua kwa nini mpiga picha ataka jambo lilelile lifanywe mara tano, kwa kuwa yeye mwenyewe alilifanya mara tano alipokuwa na miaka sita. Tena alijua kwa nini nahodha hawezi kuizuia meli yake hata dakika kumi. Akasaidia katika picha kadhaa ambazo majina yake ni makubwa: The Caine Mutiny na The Bridges at Toko-Ri za mwaka 1954, Mister Roberts ya mwaka 1955, na In Harm's Way ya mwaka 1965.

Katika The Bridges at Toko-Ri, iliyo hadithi ya marubani wa manowari katika vita vya Korea, mmoja wa wachezaji ni Mickey Rooney, ambaye naye alianza kucheza akiwa mtoto mdogo sana na kupata sifa kubwa kuliko Coghlan. Basi hapo walikuwako watoto wawili wa sinema waliokua: mmoja amevaa sare ya mchezo, na mwingine amevaa sare ya kweli, na huyu wa pili ndiye mwenye neno juu ya sare ya yule wa kwanza.

Lazima tuseme jambo moja ambalo msomaji mwenye akili amekwisha kuliwaza. Mwenye kuazima meli yake huwa na nguvu juu ya hadithi. Jeshi halitoi manowari ili litukanwe, na mtengenezaji asiyekubali kugeuza maandiko yake aweza kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtazamaji wa picha za namna hii akumbuke kwamba ajionea vita vilivyopita mikononi mwa mwenye vita. Lakini si kila kitu kilifutwa. The Caine Mutiny ni hadithi ya nahodha aliyeharibika moyo kwa hofu hata maofisa wake wakamwondolea amri ya meli wakati wa tufani. Jeshi halikupenda sana hadithi hiyo. Mwanzoni mwa picha paliwekwa maneno ya kuwaambia watu kwamba uasi wa namna hiyo haujapata kutokea katika manowari ya Marekani. Hata hivyo nahodha mgonjwa alionyeshwa, na wote wakamwona. Na katika The Bridges at Toko-Ri shujaa haponi. Afa shimoni, mbali na meli yake, na yule aliyechezwa na Mickey Rooney afa pamoja naye. Hayo hayafanani na Jumamosi za watoto, ambapo juma lililofuata shujaa alipatikana mzima.

Coghlan aliacha jeshi mwaka 1965, akiwa na cheo cha Luteni Kamanda na umri wa miaka 49. Hapo alirudi kucheza, katika nafasi ndogo ndogo za sinema na televisheni, wala hakuona haya kwamba ni ndogo. Mwaka 1974 ulipoanzishwa mchezo wa televisheni wa watoto juu ya shujaa yuleyule wa neno Shazam, yeye pia alipewa nafasi ndogo humo. Neno lilitamkwa na kijana mwingine. Katika miaka ya 1990 alitoa kitabu cha habari za maisha yake. Juu ya jalada hakuandika Luteni Kamanda, wala rubani. Kitabu chaitwa They Still Call Me Junior, maana yake, Hata sasa waniita Junior. Umri wake alipokitoa ulikuwa umepita miaka 70.

Alifariki tarehe 7 Septemba, 2009, huko California, naye alikuwa na umri wa miaka 93. Zile sura 12 zipo hata leo, na watu huzitazama.